Goti la mbwa wa kuwinda, Kasongo na Kabambare
Kasongo, mji wa mashariki mwa Kongo, ilivuma kwa biashara ya pembe za ndovu hadi majeshi ya Dhanis, kamanda wa Dola Huru ya Kongo, yalipoiteka mwezi Aprili 1893. Vijijini, hadi Kabambare, nyama ya porini ilitafutwa kwa nyavu na mbwa. Mbwa wa asili wa Kongo habweki sana, hivyo huvishwa kengele ya mbao ili asikike.

Mbwa huyo akigeuka ghafla mawindoni, kano ya goti huweza kukatika: hunyanyua mguu wa nyuma, au hugusa chini kwa ncha za vidole tu. Daktari wa mifugo Saki Paatsama wa Helsinki alieleza upasuaji wa kuitengeneza kano hiyo mwaka 1952. Pasipo mpasuaji, mbwa hufungwa apumzike. Wepesi humfaa, maana mbwa wa chini ya kilo 15 mara nyingi hupata nafuu baada ya miezi kadhaa, ingawa goti hukakamaa.