Risasi katika samaki wa Ziwa Nyasa

Risasi ni metali nzito yenye sumu. Katika kata ya Ngana, wilayani Kyela, wasiwasi kuihusu huanzia kwenye usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa. Usipa huliwa mzima, pamoja na kichwa na miiba, na risasi hujikusanya zaidi kwenye mifupa, figo na matamvua kuliko kwenye mnofu. Kwa hiyo kupima mnofu peke yake hakumlindi mlaji wa hapa.

Tofauti na zebaki, risasi haizidi kadiri samaki mkubwa anavyomla mdogo; samaki mkubwa kama mbasa si lazima awe na nyingi kuliko usipa. Inaweza kuingia ziwani kupitia betri chakavu, rangi za zamani na vizito vya nyavu. Ziwa hilo hutoa maji kwa mto mmoja tu, Shire, hivyo uchafu hukaa muda mrefu.

Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, imeweka kikomo cha risasi cha miligramu 0.3 kwa kilo ya samaki. Kupika hakuiondoi risasi. Watoto na wajawazito ndio walio hatarini zaidi, kwa kuwa risasi huathiri ubongo unaokua. Tangu 2019 usalama wa chakula nchini husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania.