Chachu, Ugwadu na Pipa: Neno Lililoinusuru Ladha

Shina -chacha ni miongoni mwa mashina ya Kiswahili yenye nyuso mbili. Wali uliolala bila kupashwa moto huchacha, nao humwagwa. Kijana ambaye mfuko wake umekauka husema amechacha. Lakini katika shina hilohilo limo neno chachu, nayo chachu ndiyo inayouumua unga wa mkate, na wasemaji wa majukwaani hawachoki kutukumbusha kwamba elimu ni chachu ya maendeleo. Kuharibika na kuinuka vimelala katika kitanda kimoja. Waarabu nao walituachia jozi inayofanana na hii: hamira ya mkate na hamri ya ulevi ni watoto wa mzizi mmoja.

Naandika leo juu ya kinywaji ambacho historia yake yote ni ugomvi baina ya nyuso hizo mbili. Najua wengi miongoni mwetu hawanywi kileo kwa sababu za dini, na siandiki ili kumshawishi yeyote. Nachunguza maneno tu. Kinywaji chenyewe ni bia chachu ya Ubelgiji iitwayo lambiki, ambayo hulazwa katika mapipa ya mwaloni kwa miaka na wakati mwingine hutiwa matunda ya cheri au rasiberi.

Nyumbani kwa lambiki ni jiji la Brussels na bonde la mto Senne. Wapo wanaolitoa jina lake katika mji wa Lembeek, ulio kusini-magharibi mwa Brussels. Wapo wanaolihusisha na alambic, neno la Kifaransa la chombo cha kukenekea, ambalo lenyewe ni al-anbiq la Kiarabu. Huchemshwa kwa kimea cha shayiri na ngano mbichi isiyooteshwa, ambayo huwa kiasi cha thuluthi moja ya nafaka yote au zaidi. Hopsi zake ni za zamani, zilizokaa ghalani hadi uchungu wake ukapungua, kwa kuwa kazi yake hapa ni kuhifadhi wala si kukoleza.

Ajabu yake inakuja baada ya kuchemsha. Mpishi wa bia ya kawaida hutia hamira aliyoifuga mwenyewe. Mpishi wa lambiki hatii kitu. Huumimina mchuzi wa moto katika sinia pana la shaba lililo chini ya paa, akauacha upoe usiku kucha, naye akaenda kulala. Vijidudu vya hewani na vya kwenye mbao za jengo huingia vyenyewe. Kazi hii hufanywa katika miezi ya baridi tu, maana joto la kiangazi huleta wageni wasiotakiwa. Asubuhi mchuzi huingizwa mapipani. Hamira za kawaida huleta kileo katika wiki za mwanzo. Baadaye, kwa miezi mingi, bakteria huleta uchachu. Na hamira za mwituni humalizia kazi polepole, zikisaidiwa na hewa kidogo inayopenya katika mbao. Katika kiwanda cha familia ya Cantillon, kilichoanzishwa mwaka 1900 huko Anderlecht na kuwa pia jumba la makumbusho tangu 1978, hata buibui hawafagiliwi, kwa kuwa hula inzi wanaofuata matunda.

Msomaji wa pwani atakuwa ameshamtambua mgema wetu. Yeye pia hatii hamira katika tembo la mnazi. Analolikinga alfajiri ni tembo tamu. Likikaa huwa tembo kali. Likiachwa zaidi huwa siki ya kutilia achari. Kiswahili kilikwisha kuyapa majina vituo vya safari hiyo, na hakuna kituo kilichoitwa ugonjwa. Tofauti ni mwendo tu: safari ambayo mnazi huianza na kuimaliza kwa siku chache, pipa la mwaloni huitembea kwa miaka miwili au mitatu. Na neno pipa lenyewe tulilipokea kutoka kwa Wareno, pamoja na mvinyo, katika karne walizokuwa na nguvu katika mwambao wetu.

Huko Ulaya, hata hivyo, uchachu ulipewa jina la ugonjwa. Mwaka 1876 Louis Pasteur alichapisha kitabu chake juu ya bia, akauhesabu uchachu miongoni mwa maradhi yanayoletwa na viumbe wadogo. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alifaulu kufuga hamira safi ya aina moja. Tangu hapo mpishi aliweza kupata bia ileile kila siku. Lilikuwa jambo kubwa la kisayansi, nami silibezi. Lakini kilichopachikwa jina la maradhi hakikosi kutafutiwa dawa, na bia chachu za Ulaya, zilizokuwa nyingi, zikaanza kutoweka moja baada ya nyingine.

Cha kustaajabisha ni kwamba utetezi ulitoka katika maabara ileile. Mwaka 1904 Niels Hjelte Claussen wa Carlsberg alieleza kwamba bia kongwe za Uingereza zilipata harufu yao ya pekee kutokana na hamira ya aina nyingine, akaiita Brettanomyces, yaani kuvu wa Uingereza. Kiumbe aliyekuwa mhalifu asiye na jina sasa alikuwa na jina na kazi. Ndugu yake akaja kujulikana katika lambiki, naye akapewa jina la jiji: Brettanomyces bruxellensis.

Jaribu la pili halikutoka kwa adui. Katika karne ya 20 wanywaji walizoea vinywaji vitamu, na baadhi ya viwanda vikaanza kuitia lambiki sukari na maji ya matunda ili iuzike haraka. Wahenga wetu walikwisha kusema: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Chupa zikabaki na jina lilelile huku kilichomo kikibadilika.

Hapo ndipo kivumishi kimoja kilipoingia kazini. Mwaka 1997 Umoja wa Ulaya ulisajili majina ya bia hizi pamoja na neno oude kwa Kiholanzi, au vieille kwa Kifaransa, yaani kongwe. Chupa inayobeba neno hilo yapasa kufuata njia ya kale. Isiyolibeba ina uhuru wa kutiwa utamu. Ladha ya karne kadhaa imewekewa ulinzi wa neno lenye herufi nne. Sijui mfano mwingine unaoonyesha vizuri zaidi kwa nini watu wa lugha wana kazi duniani.

Mimi niliionja lambiki ya rasiberi mjini Brussels, mwenyeji wangu akiwa mzaliwa wa Lubumbashi aliyeishi huko miaka mingi. Rasiberi si tunda geni kabisa kwetu. Jamaa zake wa porini wenye miiba humea katika milima ya Kilimanjaro na Usambara. Mwenyeji alipiga funda, akafinya macho, akasema: “Ndugu, hii iko kali.” Nikamjibu kwamba pilipili ni kali, na konyagi ni kali, hii haichomi. Akacheka, akaniambia basi nitafute neno langu.

Nilitafuta. Kwanza nilipata ugwadu, ule uchachu wa ukwaju au embe bichi unaokufumba jicho moja. Nyuma yake ulikuja ukakasi, ule ukavu wa ndizi mbichi unaoukwaruza ulimi, ambao nadhani ulitoka katika mbegu za tunda na mbao za pipa. Uchungu haukuwapo ila kwa mbali. Utamu wa rasiberi haukuwapo kabisa, kwa kuwa sukari yote ya tunda ilikuwa imeliwa na hamira. Iliyobaki ilikuwa harufu na rangi ya waridi. Mwisho meno yalishika ganzi kidogo, na pua ikaleta harufu ya ngozi na ya zizi la farasi baada ya mvua. Nilimwambia mwenyeji wangu maneno hayo mawili. Ukakasi alilijua kwa maana ya jambo lenye utata. Ugwadu hakuwahi kulisikia.

Si yeye peke yake. Nimewasikia vijana wa mijini wakisema ndimu ni chungu, na mtindi ni mkali. Ukakasi umehamia katika siasa, ambako kila mkataba wenye mashaka una ukakasi, nao ulimi uliouzaa umesahauliwa. Sina ugomvi na maana mpya. Lugha hukua hivyo. Ninachohofia ni kwamba mbege ya Uchaga, ulanzi wa Iringa na siki ya mnazi vitabaki bila maneno ya kuvieleza, na kisichoelezeka hakina wa kukitetea siku kinapotiwa maji. Washairi ndio wenye ghala la maneno hayo. Tuyatoe ghalani, tuyatumie kwa maana zake za mdomoni kabla ya zile za majukwaani.

Nafunga kwa ubeti mmoja:

Chachu si ila ya kitu, ni kazi ya siku nyingi,
Ukongwe u kama utu, haupatikani wingi,
Tusipotunza vya kwetu, maneno hata misingi,
Zitabaki ndimi butu, na ladha zisizo rangi.