Pilates: Kutoka Kambini Hadi Mahakamani

Nimeadimika kidogo, si mnajua tena majaribio yakibana. Leo naweka historia, maana kuna wakaka hapa chuo wakiona wadada wametandika mikeka kufanya Pilates wanacheka, eti mazoezi ya kike. Haya chekeni, ila mjue kwanza yametoka wapi.

Joseph Pilates alizaliwa Mönchengladbach, Ujerumani, mwaka 1883. Utotoni alikuwa wa kuumwaumwa, alipokua akapenda ndondi na jimnastiki. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza 1914 ilimkuta Uingereza, na Mjerumani kule wakati ule alikuwa adui hata kama hajashika bunduki. Wakamtia kizuizini, na baadaye akapelekwa kambi ya Knockaloe, kisiwa cha Isle of Man. Kambi hiyo ilifikia kuwa na wanaume kama 23,000. Wanaume watupu! Mabanda ya mbao, waya wa miba, na siku hazina kazi. Daktari wa Uswisi aitwaye Vischer aliyetembelea kambi za aina hiyo aliandika juu ya "ugonjwa wa waya wa miba": mtu anashindwa kutuliza mawazo, anakasirika ovyo, anakata tamaa. Sasa humo ndimo Pilates alikuza mazoezi yake. Husimuliwa pia kwamba wafuasi wake wa kambini hawakufa hata mmoja kwa mafua ya 1918. Hapo mimi sinunui. Mwalimu anayetafuta wateja hakosi hadithi tamu.

Mwaka 1926 akahamia New York, na pamoja na Clara wake akafungua chumba cha mazoezi mtaa wa Eighth Avenue. Wateja wake wakubwa wakawa wachezaji densi, hasa walioumia. Mwaka 1945 akatoa kitabu, Return to Life Through Contrology, chenye mazoezi 34. La kwanza linaitwa Mia: unalala chali, unainua kichwa na miguu, unapigapiga mikono juu chini mara 100 huku unapumua kwa hesabu. Jaribu ndipo utajua tumbo lina misuli! Yeye mwenyewe aliita mbinu yake Kontroloji. Alifariki 1967, watu wakabaki na jina lake.

Na jina hilo likaleta kesi, jamani. Kampuni moja ilijimilikisha neno "Pilates" kama alama ya biashara, ikawa inawabana walimu na watengeneza vifaa wasilitumie. Oktoba 2000 mahakama ya shirikisho ya Manhattan ikasema hapana, hilo ni jina la kawaida la aina ya mazoezi, kama yoga. Bila hukumu ile sijui wangapi wangefundisha leo bila kulipia neno tu.

Je, yanafanya kazi kweli? Mwaka 2010 June Kloubec wa Marekani alichapisha utafiti wa watu wazima 50. Kundi moja lilifanya Pilates saa moja mara mbili kwa wiki, kwa wiki 12, lingine halikufanya. Waliofanya, misuli ya tumbo ilistahimili zaidi na nyuma ya mapaja palinyumbuka zaidi. Lakini mkao wa mwili na uwezo wa kusimama bila kuyumba havikubadilika cha kuonekana. Na mkao ndio Pilates alioupigia debe miaka yote! Kuhusu maumivu ya mgongo wa chini, uchambuzi wa Cochrane wa 2015 ulikusanya majaribio 10: yanasaidia kuliko kukaa bila tiba ya maana, ila haikuthibitika kwamba yanayashinda mazoezi mengine.

Kwa hiyo yule anayewauzia vitanda vya springi kwa bei ya kiwanja, mwulizeni maswali. Yale 34 ya kitabuni yanataka mkeka tu.

Naishia hapa, saa mbili asubuhi nina semina na sijasoma kitu. Maoni ruksa!