Barua ya Mtendaji

Leo siandiki siasa za wiki wala Simba na Yanga. Leo nataka kuandika historia ya karatasi.

Karatasi yenyewe wengi wenu mnaifahamu. Imechanwa kwenye daftari la shule, au ukibahatika imechapwa, ina muhuri wa kijiji, na ujumbe wake ni mmoja tu: ndugu fulani, mkazi wa kitongoji fulani, hana uwezo, tafadhali asaidiwe matibabu. Mtu akiugua na hana pesa, anapita kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha kwa mtendaji wa kijiji, ndipo aende zahanati au kituo cha afya akaone kama itapokelewa. Bibi yangu mzaa mama, aliyezeekea huko Kasulu, aliikataa karatasi hiyo mpaka anaingia kaburini. Alisema hawezi kwenda kuandikwa maskini na kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemzalisha mama yake. Sisi wajukuu tulicheka. Miaka ilivyopita kicheko kikaniishia, nikaanza kujiuliza: hivi hii karatasi ilitoka wapi? Nani aliamua kwamba umaskini uthibitishwe kwa muhuri?

Nachukua mfano wa Kagerankanda, nyanda za juu za Kigoma, upande wa Kasulu, kwenye ukanda wa misitu ya miombo, upande uleule iliko kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Watu wa kule wanalima mahindi, maharage na mihogo. Pesa inaonekana baada ya mavuno na kupotea kabla ya mvua. Malaria haifuati kalenda hiyo.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1933 serikali ya Mwingereza ilianza kuwahamisha Waha kutoka makazi yao yaliyotawanyika porini na kuwakusanya kwenye makazi makubwa, kwa sababu ya malale. Hoja ilikuwa kwamba watu wakikaa pamoja na kufyeka msitu, ndorobo hatapata mahali pa kujificha, na mganga ataweza kuwapima wote. Nyumba za zamani zikaachiwa pori. Sisemi kwamba ilikuwa huruma tupu. Mkoloni alihitaji watu wazima wenye nguvu za kulipa kodi na kwenda kukata mkonge, na Waha walikwenda manamba kwa maelfu. Lakini tazama jambo moja. Katika tiba ile ya malale mgonjwa hakuulizwa ana kipato gani. Aliulizwa anakaa wapi.

Swali la kipato liliulizwa kwenye kodi. Mzee au kilema aliyeshindwa kulipa kodi ya kichwa aliweza kusamehewa, ila msamaha wenyewe ulipitia mikononi mwa watawala wa kienyeji, yaani mwami na watwale wake, kwa kuwa ndio waliomjua mtu. Hawakupima kitu. Walimtazama mtu, wakakumbuka ng'ombe wa baba yake, wakakumbuka pia kama aliwahi kuwabishia, wakaamua. Kwa maoni yangu hapo ndipo alipozaliwa babu yake barua ya mtendaji: kwenye daftari la kodi, si hospitalini.

Baada ya Uhuru matibabu ya serikali yakawa ya bure kwa karibu kila mtu. Kulipia kulibaki zaidi kwenye hospitali za misheni, na Kasulu ya wakati huo ilikuwa nazo: Kabanga ya Wakatoliki na Heri ya Wasabato (Heri leo iko Buhigwe, tangu wilaya zilipogawanywa mwaka 2012). Kisha ikaja Operesheni Kigoma, mwaka 1972. Watu wakahamishwa mara ya pili. Kuna wazee waliohamishwa wakiwa watoto kwa ajili ya malale, wakahamishwa tena wakiwa na wajukuu kwa ajili ya Ujamaa. Safari hii ahadi ilikuwa shule, maji na zahanati. Mpango wa nchi ulikuwa zahanati moja kwa watu 10,000 na kituo cha afya kimoja kwa watu 50,000. Mwaka 1977 serikali ikapiga marufuku hata hospitali za binafsi za kibiashara. Ugonjwa usiwe mtaji wa mtu, ndivyo ilivyoeleweka.

Tusidanganyane lakini, maana kuna watu wanaoikumbuka miaka ile kama pepo. Bure ilikuwepo, dawa hazikuwepo. Kuanzia miaka ya 1983 na 1984, kwa msaada wa Denmark kupitia DANIDA, pamoja na UNICEF, zahanati za vijijini zilianza kupelekewa boksi la dawa muhimu kila mwezi, na boksi liliweza kuisha kabla mwezi haujaisha. Aliyeugua tarehe 5 alipata dawa. Aliyeugua tarehe 28 alipata ushauri. Kwa hiyo watu walikuwa wanalipa tayari, dukani, kwa muuzaji asiyemsamehe mtu.

Hapo ndipo tunapofika mwaka 1993, na naomba msomaji utulie kidogo kwenye mwaka huu.

Julai 1993 serikali ilianza kutekeleza sera ya kuchangia gharama za matibabu. Ilianzia juu, hospitali za rufaa na za mikoa, kisha ikashuka kwenye wilaya. Sera haikuwa ya kikatili kwenye maandishi. Iliweka makundi ya kusamehewa moja kwa moja: watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito, wagonjwa wa kifua kikuu, ukoma, UKIMWI na magonjwa mengine ya muda mrefu. Hapa hakuna ubishi mkubwa, mimba inaonekana na umri una kadi ya kliniki. Kisha ikaongeza kundi lingine: wasio na uwezo. Huyu asiye na uwezo ni nani? Anaingiza shilingi ngapi kwa mwezi? Hakuna aliyeweka kiwango. Kazi ya kumtambua ikaangukia kwa maofisa ustawi wa jamii hospitalini na kwa uongozi wa kijiji huko chini. Yaani tulirudi kwa mwami na watwale wake, safari hii na muhuri.

Miezi mitatu baadaye, Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa. Warundi kwa mamia ya maelfu wakavuka mpaka kuingia Kibondo, Kasulu na Ngara. Wengi walirudi kwao baada ya muda, wengine wakaja tena. Zikafunguliwa kambi: Mtabila na Muyovosi upande wa Kasulu, Kanembwa, Mtendeli, Nduta na Karago upande wa Kibondo, na Nyarugusu mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Kambini kulikuwa na zahanati, wauguzi, dawa na gari la wagonjwa. Mkimbizi hakuulizwa kipato wala barua. Na huduma zile zilikuwa wazi pia kwa wanavijiji wa jirani.

Unaona picha inayojitokeza? Raia wa Tanzania, kwenye ardhi aliyopewa na Operesheni Kigoma, anampakia mtoto kwenye baiskeli na kuingia kambi ya wakimbizi ili atibiwe bila kuthibitisha umaskini wake. Nimesikia watu wa mjini wakiwalaumu wanavijiji hao kwa "kuzoea vya bure". Mimi nadhani walikuwa wanachagua mlango usiokuwa na mtendaji.

Huku kwetu hatua iliyofuata ilikuwa Mfuko wa Afya ya Jamii, ule wa CHF. Ulijaribiwa kwanza Igunga, Tabora, katikati ya miaka ya 1990, kisha Sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii ya mwaka 2001 ikauweka rasmi. Kaya inalipa mara moja kwa mwaka na kutibiwa mwaka mzima. Asiyejiunga analipa papo kwa papo. Wazo zuri, hasa kwa mkulima mwenye pesa ya msimu. Na serikali ikaahidi tele kwa tele: mkichanga shilingi moja, tunaongeza shilingi moja.

Sheria iliwakumbuka maskini pia. Halmashauri ya kijiji inapendekeza, kamati ya afya ya kata inatoa msamaha. Lakini kuna sharti ambalo, kwangu mimi, ndilo linaloeleza karibu kila kitu kilichotokea baadaye: mamlaka inayotoa msamaha inatakiwa itafute njia ya kuufidia mfuko. Rudia kusoma polepole. Kata ikimsamehe bibi yangu, kata itafute hela ya bibi yangu. Itoe wapi? Mwaka 2003 kodi ya maendeleo, ile ya kichwa, ilifutwa pamoja na ushuru mwingine mdogo mdogo. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia, ile kodi ilikuwa inakimbiza wanaume porini. Ila sanduku la kijiji nalo likabaki jepesi.

Sasa jiweke kwenye kiti cha mganga mfawidhi. Una makopo machache ya dawa mpaka mgao ujao. Kila anayelipa anakuletea kitu cha kuongezea dawa. Kila anayekuja na barua anapunguza kopo na haachi kitu. Tele kwa tele nayo inahesabu waliochanga. Mtendaji naye anajua kwamba barua zikizidi ataulizwa wilayani kwa nini kijiji chake hakichangi. Hakuna aliyevunja sheria hapo, kila mmoja ana sababu yake ya kuwa mgumu. Msamaha ulikuwa umeandikwa, mlipaji wa msamaha hakuandikwa.

Wenzetu wanafanyaje? Marekani, nchi ambayo bima yake inatisha watu, ina vituo vya afya vya jamii vilivyoanza mwaka 1965, cha Boston na cha Mound Bayou, Mississippi. Mwanzilishi mmojawapo, daktari Jack Geiger, alikuwa amejifunza mtindo huo Pholela, Afrika Kusini, kwa Sidney na Emily Kark (kumbe wazo lilitoka huku kwetu!). Vituo hivyo vinavyopata ruzuku ya serikali vinatakiwa kuwa na jedwali la punguzo. Kipato cha kaya yako kikiwa kwenye mstari wa umaskini uliotangazwa na serikali au chini yake, unasamehewa yote au unalipa ada ndogo tu. Kikiwa juu ya mstari lakini hakijazidi mara mbili yake, unapunguziwa sehemu. Kikizidi hapo, unalipa. Hakuna anayeuliza wewe ni mtoto wa nani. Najua jedwali hilo lisingefanya kazi Kagerankanda jinsi lilivyo, kwani mkulima wa maharage hana hati ya mshahara. Ninachokionea wivu ni ile ruzuku iliyosimama nyuma ya punguzo.

Majirani walipita njia nyingine. Uganda ilifuta ada katika vituo vya serikali Machi 2001, ikaacha wodi za kulipia tu, na wagonjwa wakafurika. Kenya mwaka 2004 ilishusha malipo hadi shilingi 10 kwa zahanati na 20 kwa kituo cha afya, na mwaka 2013 ikayafuta na kuvitengea vituo fedha za kufidia. Sisi tuliendelea na barua. Sera ya Afya ya 2007 ikarudia ahadi ya msamaha, wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza wakiwemo.

Mabadiliko ya kweli, kwa maoni yangu, yaliletwa na watu ambao hawakuwa wa afya kabisa. TASAF ya awamu ya tatu, iliyoanza mwaka 2012, ilipotafuta kaya maskini za kulipa ruzuku, ilikwenda na dodoso: nyumba imeezekwa kwa nini, mna mifugo gani, watoto wangapi wako shule. Kwa mara ya kwanza umaskini wa kijijini ukawa na kipimo kinachofanana kutoka wilaya hadi wilaya, na baadhi ya halmashauri zikaitumia orodha hiyo kuwapatia wahusika kadi za CHF. Mwaka 2018 CHF ikaboreshwa, shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, na kadi ikaruhusiwa kuvuka mipaka ya kituo kimoja. Kisha Novemba 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, ambayo inaanzisha mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo na kuutajia vyanzo vyake, ukiwemo ushuru wa soda, pombe na vipodozi. Miaka 30 baada ya Julai 1993, mlipaji akaandikwa.

Ila dodoso la TASAF halianzi na dodoso. Linaanza na mkutano wa kijiji. Watu wanakaa chini ya mwembe, majina ya maskini yanapendekezwa kwa sauti, na jirani anaruhusiwa kusimama na kusema huyu bado, ana mbuzi.

Namjua bibi yangu. Siku hiyo angeamkia shambani.