Utando wa dialisisi

Utando wa dialisisi ni ngozi nyembamba ya polima yenye vitundu vidogo mno, inayotumika katika mashine ya kusafisha damu ya mtu ambaye figo zake zimeshindwa kufanya kazi. Damu hupita upande mmoja na maji maalumu yenye chumvi hupita upande wa pili. Uchafu kama urea huvuka. Seli za damu na protini kubwa hubaki.

Mara nyingi utando huu hufananishwa na chujio. Mfano huo ni nusu tu ya ukweli, kwa sababu damu hugusa uso wa polima kwa takriban saa nne, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, na mwili huutambua uso huo kuwa kitu kigeni.

Historia

Daktari Willem Kolff wa Uholanzi alianza kutibu wagonjwa kwa mashine yake mjini Kampen mwaka 1943. Alitumia mirija ya selofani, aina iliyotumika kufungia soseji. Karibu wagonjwa wake wote wa mwanzo walikufa. Mwaka 1945 mwanamke wa miaka 67 alipona.

Vitundu

Leo utando hutengenezwa hasa kwa nyuzi za polisulfoni zenye uwazi ndani wa milimita 0.2 hivi. Chombo kimoja huwa na nyuzi 10,000 hivi au zaidi. Polima huyeyushwa, husukumwa kupitia tundu lenye umbo la pete, kisha huingizwa majini. Maji yakiingia na kiyeyushi kikitoka, polima huganda na kuacha vitundu. Upande wa ndani hufanyika ngozi yenye vitundu vya nanomita chache. Nyuma yake kuna sehemu nene kama sifongo, ambayo kazi yake ni kuishikilia tu. Ukubwa wa vitundu hurekebishwa kwa kubadili kiasi cha polima, joto, na kimiminika kinachopita katikati ya uzi.

Nafasi ya kukosea ni ndogo. Uzito wa molekuli ya urea ni 60, wa beta-2 mikroglobulini ni 11,800 hivi, na wa albumini ni 66,500 hivi. Beta-2 mikroglobulini ikijikusanya kwa miaka huharibu viungo, kwa hiyo itolewe. Albumini lazima ibaki. Ingawa uzito wao unatofautiana sana, upana wao unatofautiana takriban mara mbili tu.

Uso

Utando wa selulosi ulichuja vizuri, lakini makundi ya hidroksili usoni mwake yaliamsha mfumo wa komplementi, sehemu ya kinga ya mwili, na seli nyeupe zilipungua ghafla katika damu dakika chache baada ya tiba kuanza. Polisulfoni haina makundi hayo, ila haipatani na maji na hunasa protini. Ndiyo maana huchanganywa na polivinilipirolidoni, inayopenda maji.

Chaji ya umeme nayo ina athari. Aina moja ya utando wa polyakrilonitrili yenye chaji hasi nyingi ilichochea kutengenezwa kwa bradikinini. Kwa wagonjwa waliotumia dawa za shinikizo la damu kama kaptopril na enalapril, ambazo huchelewesha kuvunjwa kwa bradikinini, shinikizo liliweza kushuka kwa hatari mara tiba ilipoanza. Baadaye uso huo ulifunikwa kwa polima yenye chaji chanya, bila kubadili utando wenyewe.