Nani Aliongeza, Nani Alipunguza? Kuitafuta Nasadiki Katika Lugha Yake ya Asili



Ukiwa mkazi wa Buteba, gombolola ya Wilaya ya Busia upande wa Uganda, kuvuka mpaka ni jambo la kila siku. Ng'ambo ya pili, katika Kaunti ya Busia ya Kenya, wako Wateso wenzako, wenye majina kama yako na makaburi ya babu mmoja. Mnavuka kwa soko, kwa harusi na kwa matanga. Mnavuka pia kwa ibada, na huko ndiko ugomvi wa wanafunzi wangu wawili ulikoanzia.

Mmoja wao, Mkatoliki, alikuwa amekwenda ng'ambo kwa maziko ya jamaa aliyekuwa Mworthodoksi. Ibada ilipofika mahali pa Kanuni ya Imani alisema pamoja na waombolezaji, kwa kuwa maneno aliyajua tangu utoto. Walipofika kwa Roho Mtakatifu, yeye alisema kwamba anatoka kwa Baba na Mwana; wenzake walisema kwa Baba, wakaendelea. Sauti yake ilibaki peke yake kanisani. Jumatatu alimwambia mwenzake darasani, ambaye ndiye mtoto wa nyumba ile, kwamba watu wake wameifuta sehemu ya Nasadiki. Yule naye akajibu kwamba hawakufuta kitu, bali wengine ndio walioongeza. Waliacha kusalimiana. Kisha wakanijia: "Mwalimu, nani mwongo?"

Sikuwajibu siku ile. Niliwauliza swali lingine: andiko lenyewe liko wapi, na liliandikwa kwa lugha gani?

Sisi watu wa mpakani tunapaswa kulielewa swali hilo kuliko wengine. Mgogoro wa kisiwa cha Migingo ulipopamba moto mwaka 2009, kila upande ulikuwa na ramani zake na wazee wake wa kutoa ushahidi. Hata hivyo serikali zote mbili zililazimika kurudi kwenye andiko moja, Amri ya Mipaka ya mwaka 1926, ambayo hutaja visiwa, mito na vilele vinavyotenga Kenya na Uganda. Andiko hilo ni la Kiingereza, na neno lake ndilo linalopimwa, wala si tafsiri ya gazeti lolote. Basi tuipeleke tabia hiyo kwenye mitaguso ya Kanisa, au mabaraza, kama wasemavyo Waprotestanti wengi.

Mtaguso wa kwanza wa Nisea ulifanyika mwaka 325, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Chanzo chake kilikuwa barani mwetu: Ario, padri wa Aleksandria nchini Misri, alifundisha kwamba Mwana aliumbwa, na askofu wake alimpinga. Maaskofu walijadiliana zaidi kwa Kigiriki. Msomaji anayetarajia kupata kumbukumbu za kikao, nani alisimama na nani akajibu nini, atavunjika moyo, kwa sababu hazipo. Kilichotufikia ni kanuni ya imani, kanuni 20 za nidhamu, barua kadhaa na orodha za waliohudhuria. Idadi yenyewe ya maaskofu hailingani. Eusebio wa Kaisaria, aliyekuwapo, alisema walizidi 250. Atanasi, aliyekuwapo pia akiwa shemasi kijana, aliwahi kusema walikuwa kama 300. Baadaye ikashikwa 318, idadi ya watumishi wa Abrahamu katika Mwanzo 14:14. Huo ni mfano mzuri wa namna hesabu inavyogeuka kuwa ishara bila mtu yeyote kukusudia kudanganya.

Maneno ya kanuni ya Nisea tunayapata hasa katika barua ambayo Eusebio aliwaandikia waumini wake kuwaeleza kwa nini alitia sahihi. Barua hiyo Atanasi aliiambatanisha na kitabu chake kuhusu maamuzi ya Nisea, ndiyo maana ikasalimika. Sasa angalia: kanuni hiyo ya 325 ilipofika kwa Roho Mtakatifu ilisema tu kwamba twamwamini, ikaishia hapo, kisha yakafuata maneno ya kuwalaani wafuasi wa Ario. Hakuna neno juu ya atokako Roho. Kwa hiyo mwanafunzi anayesema "Nisea ilisema hivi" katika ugomvi huu, awe wa upande gani, amekwisha kukosea anwani.

Nasadiki ndefu tunayoisema Jumapili inahusishwa na mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 381. Huo nao haukutuachia kumbukumbu za vikao. Matini ya kanuni hiyo yanaonekana kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu za mtaguso wa Kalkedoni wa mwaka 451, ambako yalisomwa mbele ya maaskofu, miaka 70 baadaye. Kumbukumbu za Kalkedoni, kwa bahati njema, ni nyingi mno: hotuba, makelele ya maaskofu, kura na sahihi zao. Mjerumani Eduard Schwartz alitumia miaka mingi ya maisha yake, kuanzia mwaka 1914, kulinganisha hati za mkono za Kigiriki na Kilatini za mitaguso hiyo na kuzichapisha. Kabla yake kulikuwa na mkusanyo mkubwa wa askofu Mwitalia Giovanni Domenico Mansi, wa karne ya 18, ambao hata leo hutumika pale ambapo Schwartz na waliomfuata hawakufika. Asiyesoma Kigiriki anaweza kuanzia kwenye vitabu viwili vya Norman Tanner vya mwaka 1990, ambamo ukurasa mmoja una lugha ya asili na unaoutazama una Kiingereza. Maktaba za vyuo vya teolojia ndiko pa kuviulizia. Usione haya kubisha hodi.

Katika maandishi hayo ya Kigiriki Roho anatoka kwa Baba. Maneno "na Mwana", ambayo kwa Kilatini ni neno moja, Filioque, hayamo. Mtoto wa nyumba ya Kiorthodoksi alikuwa amesema kweli kuhusu andiko.

Lakini usikimbilie kumtangaza mshindi. Maneno hayo yaliingia katika makanisa ya Kilatini pole pole. Mtaguso wa Toledo nchini Hispania, mwaka 589, hutajwa mara nyingi kuwa mwanzo, ijapokuwa baadhi ya nakala za kale za kumbukumbu zake hazina neno lenyewe. Shabaha ya Wahispania ilikuwa ile ile ya Nisea: kuwazuia wafuasi wa Ario wasimshushe Mwana. Roma yenyewe ilisita kwa muda mrefu. Papa Leo III, mwanzoni mwa karne ya 9, hakuyakataa mafundisho hayo, lakini aliagiza Nasadiki ichorwe juu ya mabamba ya fedha, kwa Kigiriki na kwa Kilatini, bila nyongeza, yawekwe hadharani katika kanisa la Mtakatifu Petro. Nyongeza ilikuja kuimbwa Roma mwaka 1014. Hadi leo Wakatoliki wanaosali kwa Kigiriki huisema bila Filioque. Kwa hiyo yule Mkatoliki wetu naye hakudanganya; alisema alichorithi, na alichorithi kina umri wa miaka zaidi ya elfu moja.

Hapa ndipo lugha ya asili inapofanya kazi ambayo tafsiri haiwezi. Kitenzi cha Kigiriki kilichotumiwa, ekporeuomai, kimechukuliwa kutoka Yohana 15:26, na katika mjadala huu kimepewa maana nyembamba: kutoka katika chemchemi ya kwanza kabisa. Kilatini kilikitafsiri kwa procedere, kitenzi kipana zaidi, kinachofaa kwa maji yatokayo kwenye chemchemi na pia kwa maji hayo hayo yatokayo kwenye mfereji. Mgiriki akisikia "na Mwana" anasikia chemchemi mbili. Mlatini anasikia mkondo mmoja. Vatikani yenyewe ilitoa maelezo juu ya tofauti hiyo ya vitenzi mwaka 1995. Nasi je? Kiswahili chetu kina "kutoka", kitenzi kipana kuliko vyote: mtu hutoka jasho, hutoka Tororo, hutoka kwa mama yake. Anayebishana juu ya Filioque kwa Kiswahili peke yake anapima dhahabu kwa mizani ya magunia.

Tena kumbukumbu za Kalkedoni zinasema "tunaamini", kwa wingi, kwa kuwa ni maaskofu walionena pamoja; ibada ndiyo iliyofanya "naamini", sauti ya mtu mmoja anayebatizwa. Jina letu la Nasadiki limefuata ibada. Sioni kosa hapo, ila ni vyema kujua.

Usidhani kwamba upekuzi huu ni kazi ya Wazungu wenye maktaba. Waganda waliufanya, na walilipa gharama. Mwaka 1929 Reuben Mukasa Spartas, aliyekuwa Mwanglikana na askari wa zamani, alianzisha nchini Uganda Kanisa la Kiorthodoksi la Waafrika. Alitaka kanisa la kale lisiloongozwa na wamisionari. Mwaka 1932 alipewa upadri na Daniel William Alexander, askofu mkuu aliyekuja kutoka Afrika Kusini, ambaye kanisa lake lilikuwa na mizizi Marekani katika watu wa Marcus Garvey. Mambo yalionekana kutimia. Kisha Mgiriki mmoja aliyekuwa akiishi Uganda aliomba mtoto wake abatizwe, akatazama, akasema huu si ubatizo wa Kiorthodoksi aujuao.

Fikiri, msomaji, jambo hilo lilivyokuwa zito. Mtu amekwisha kujitenga, amekwisha kukusanya watu, amebatiza na kuzika, kisha anaambiwa na mgeni kwamba jina alilolichukua halilingani na ibada anayoitumia. Angeweza kumfukuza yule Mgiriki. Hakufanya hivyo. Spartas aliandika barua kwenda Aleksandria, kwa Patriarki anayekalia kiti cha Atanasi, akauliza na kuomba kufundishwa. Jibu halikuja kwa mwezi mmoja wala mwaka mmoja. Kanisa lake na lile la wenzao wa Kenya yalikubaliwa rasmi na Aleksandria mwaka 1946. Waorthodoksi wa magharibi mwa Kenya, akiwamo yule jamaa aliyezikwa ng'ambo ya Buteba, wamo katika ukoo huo wa kiroho. Nasadiki waliyoisema kaburini ilifika kwao kwa sababu mtu wa Uganda alikubali kusahihishwa na chanzo.

Upande wa Waanglikana nako kuna somo. Serikali ya Kiingereza ilihamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda kwenda Kenya mwaka 1902, lakini Kanisa halikuhama nao: Kavirondo ilibaki chini ya dayosisi ya Uganda hadi mwaka 1921. Ndiyo sababu J. J. Willis, aliyekuwa mmisionari Kavirondo kisha askofu wa Uganda, alikuwa kinara wa mkutano wa Kikuyu wa Juni 1913, pamoja na askofu Peel wa Mombasa. Misheni za Kiprotestanti zilipendekeza shirikisho, na miongoni mwa misingi yake ziliweka Maandiko na kanuni mbili za imani, ya Mitume na ya Nisea. Frank Weston, askofu wa Zanzibar, aliona msingi huo haukutosha pasipo maaskofu, akawashtaki wenzake kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kwa uzushi na mfarakano. Maneno ya "uzushi" yalivuma hadi Uingereza. Ukitaka kuhukumu kesi hiyo, lugha yake ya asili ni Kiingereza, nayo ni rahisi kuipata: Weston alichapisha barua yake ya wazi mwaka 1913, na Willis naye alichapisha utetezi wake. Wasome wote wawili. Wengi waliosimulia habari za Kikuyu wamemsoma mmoja tu.

Neno moja zaidi kabla sijakuacha, maana linazunguka sana katika simu zetu: kwamba Nisea ndiyo iliyochagua vitabu vya Biblia. Chukua zile kanuni 20, zisome zote. Hazifiki kurasa kumi. Utakuta habari za matowashi, za riba, za makasisi wanaohamahama, za mamlaka ya Aleksandria juu ya Misri na Libya. Orodha ya vitabu hutaiona. Vitabu 27 vya Agano Jipya kama tulivyo navyo vimeorodheshwa katika barua ya Pasaka ya Atanasi ya mwaka 367, na wala si kwa uamuzi wa Nisea. Aliyekutumia ujumbe huo mwombe nambari ya kanuni.

Wanafunzi wangu niliwaandikia ubaoni vile vitenzi viwili, cha Kigiriki na cha Kilatini, na chini yake "kutoka". Mkatoliki alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza kama Kiteso nacho kina neno moja tu kwa chemchemi na mfereji. Mimi si Mteso. Nilimwambia hilo yeye ndiye wa kunifundisha. Huku Bukedi na Teso imani ililetwa na wakatekista waliosoma na kufundisha kwa Luganda, kwa hiyo huenda neno la bibi yake limepitia Luganda kabla ya kufika Buteba. Wote wawili wamepewa kazi ya kwenda kuwauliza wazee wao, mmoja upande huu na mmoja ng'ambo, wakayaandike maneno hayo kama yasemwavyo, bila kuyasahihisha. Jumamosi walionekana barabarani juu ya baiskeli moja.