Mikono Iliyochelewa

Samaki mkunje angali mbichi, husema wazee. Na wapigaji wa piano hukiri kuwa neno hilo ni la kweli, kwa maana vidole visivyozoezwa utotoni aghalabu huwa vizito maisha yote. György Ligeti, mmoja wa watunzi wakubwa wa muziki wa karne ya 20, alilijua jambo hilo kwa uchungu.

Alizaliwa mwaka 1923 katika jimbo la Transylvania, nchini Rumania, katika jamaa ya Kiyahudi yenye kusema Kihungari. Baba yake alimtakia sayansi, wala hakuona haja ya kumfundisha muziki. Ndugu yake mdogo alipoanza kufundishwa fidla, Ligeti naye akadai haki yake, akaanza piano akiwa na umri wa miaka 14. Nyumbani hapakuwa na piano, hivyo alikwenda kujizoeza katika nyumba za watu.

Mwaka 1941 alitaka kusoma hisabati na fizikia, lakini sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi zilimfungia mlango wa chuo kikuu. Akaingia shule ya muziki mjini Cluj. Mwaka 1944 alitiwa katika kazi za kulazimishwa; baba yake na ndugu yake waliuawa katika kambi za Wanazi, na mama yake akasalimika. Mwaka 1956 alikimbia Hungaria, akaenda Austria.

Mwaka 1985 alitoa kitabu cha kwanza cha mazoezi ya piano, chenye vipande 6. Kufikia mwaka 2001 vilikuwa 18. Alipoeleza asili ya kazi hiyo, alitaja kwanza udhaifu wa vidole vyake mwenyewe. Alitamani kupiga kama mabingwa, asiweze. Basi akawatungia mabingwa yale ambayo sikio lake lilisikia na mkono wake haukuyafikia.

Tamaa hiyo ya ujana ilikutana na elimu ya uzeeni. Mwaka 1982 mwanafunzi wake, Roberto Sierra, alimsikilizisha muziki wa Wabanda-Linda wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, uliorekodiwa na mtaalamu Simha Arom. Katika muziki huo kila baragumu hutoa sauti moja tu, na wimbo hupatikana kwa wapigaji wengi kupokezana kwa hesabu kamili. Ligeti, aliyependa hisabati tangu ujanani, alistaajabu. Katika zoezi lake la kwanza, mkono wa kulia hupiga vibao vyeupe na wa kushoto vyeusi. Mikono huanza pamoja, kisha mkazo wa mmoja huutangulia wa mwenzake kidogo kidogo, hata msikilizaji hudhani kuna wapigaji wawili.

Ligeti alifariki mjini Vienna mwaka 2006. Mazoezi yake hupigwa katika kumbi kubwa za dunia, na wapigaji hodari huyahesabu kuwa miongoni mwa mitihani yao migumu. Aliyechelewa kujifunza ndiye aliyewaachia kazi waliowahi.